Hofu haisahauliki kwa kuamrishwa

SISI Wakenya tuna neno tunalopenda kumwambia mtu aliyepatwa na mkasa. Neno hilo ni "sahau". Mtu amenusurika ajali ya matatu iliyowaua abiria wenzake, nasi twamwambia amshukuru Mungu na asahau. Mama amevamiwa na majambazi usiku nyumbani kwake, nao majirani wamwambia kwamba mali hutafutwa, asahau. Mtoto ameshuhudia babake akipigwa hadi kuzirai, na watu wazima wasema huyo ni mtoto tu, atasahau. Baada ya majuma matatu, tukiona mhusika bado hali wala halali, twaanza kunong'onezana kwamba amezidi uoga, ama anajifanya, ama amerogwa.

Mpendwa msomaji, juma hili nataka kukueleza ni kwa nini neno hilo, hata likitamkwa kwa nia njema, halimsaidii mgonjwa na mara nyingine humdhuru. Mtu kama huyo hakosi ujasiri wala imani. Tatizo lake limo ndani ya ubongo, katika sehemu ambayo haipokei amri kutoka kwa mwenyewe, sembuse kutoka kwa jirani. Wazee wetu hawakusomea udaktari lakini walilijua jambo hili waliponena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema ni mjinga. Walisema hushtuka, basi.

UKINGO WA UBONGO

Mnamo 1878, daktari Mfaransa kwa jina Paul Broca alieleza kuhusu sehemu ya ubongo iliyojikunja kama ukingo kuzunguka shina la katikati. Aliipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ukingo. Mwaka wa 1937, Mmarekani James Papez alipendekeza kwamba viungo vilivyo katika sehemu hiyo vimeunganishwa kama mzunguko mmoja unaohusika na hisia za binadamu. Mwenzake Paul MacLean ndiye aliyeueneza mwaka wa 1952 mtajo tunaotumia hadi leo, yaani mfumo wa limbiki.

Wataalamu wa leo hubishana kuhusu mipaka ya mfumo huo, na ni kosa kudhani kwamba kuna chumba kimoja kichwani ambamo hofu yote imewekwa. Hata hivyo, kuna viungo vitatu ambavyo kila msomaji anafaa kuvijua.

Cha kwanza ni amigdala. Ziko mbili, moja kila upande wa kichwa, ndani ya ile sehemu ya ubongo iliyo karibu na masikio. Kila moja ina umbo la lozi, na ndiko jina lake lilikotoka. Kazi yake kubwa ni kupima upesi kama jambo lililotokea ni la hatari ama lina umuhimu wowote kwako. Cha pili ni hipokampasi, iliyo nyuma tu ya amigdala. Hii ndiyo karani wa ubongo. Huandika ni nini kilitokea, wapi, lini na nani alikuwepo. Cha tatu ni haipothalamasi, ambayo hupokea habari za amigdala na kuzipeleka mwilini: moyo uende mbio, kijasho kitoke, tumbo lisokote, na tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli.

Amigdala na hipokampasi ni majirani wa karibu sana. Jambo linapokuja na hisia kali, amigdala humhimiza karani aliandike kwa wino mzito. Ndiyo sababu huenda hukumbuki ulikula nini Jumatatu ya juma lililopita, lakini wakumbuka vizuri ulikuwa umesimama wapi ulipopokea habari za msiba wa mzazi wako.

KUMBUKUMBU MBILI

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkasa mmoja huacha kumbukumbu mbili, wala si moja. Kuna kumbukumbu ya habari na kuna kumbukumbu ya hofu yenyewe. Moja yaweza kupotea na nyingine ikabaki.

Mwaka wa 1911, daktari Édouard Claparède wa Geneva, Uswisi, aliandika kuhusu mwanamke aliyekuwa amepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Kila siku daktari huyo alilazimika kujijulisha kwake upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Siku moja alificha pini katikati ya vidole vyake, akamsalimu mgonjwa kwa mkono na kumchoma. Baada ya muda mfupi mwanamke huyo hakukumbuka lolote. Hata hivyo, daktari aliponyosha mkono tena, mgonjwa aliurudisha wake nyuma. Hakujua sababu. Akili yake ilikuwa imesahau, lakini hofu ilikumbuka. Hakuna daktari anayeruhusiwa kufanya jaribio kama hilo leo, lakini funzo lake limebaki.

Mgonjwa mwingine mashuhuri ni Mmarekani Henry Molaison. Alisumbuliwa mno na kifafa, na mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji ambapo sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili iliondolewa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2008, hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya ya tukio lolote. Mtaalamu Brenda Milner alimchunguza kwa miaka na mikaka, na kila mara alikuwa mgeni kwake. Ni kupitia kwa mgonjwa huyu ambapo dunia ilifahamu kwa hakika kazi ya karani niliyemtaja.

Kisha mwaka wa 1995, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililolenga jambo hili hasa. Wagonjwa walionyeshwa rangi mbalimbali, na rangi moja ilipotokea, honi kali ya boti ililia na kuwashtua. Mgonjwa ambaye amigdala zake zilikuwa zimeharibika aliweza kutaja bila shida ni rangi gani iliyoandamana na honi, lakini mwili wake haukuonyesha dalili yoyote ya hofu alipoiona tena. Mgonjwa mwingine, ambaye hipokampasi zake ndizo zilizoharibika, hakuweza kuitaja rangi hiyo, lakini ngozi yake ilitoa jasho kila ilipoonyeshwa.

Kwa hivyo, msomaji, unapomwambia mtu "sahau", unazungumza na karani. Aliyeshika hofu ni yule mlinzi mwingine, naye haelewi lugha yako.

MLIO NA HARUFU

Mlinzi huyo ana njia zake za kupata habari. Utafiti wa Joseph LeDoux wa New York, ambao aliufanya kwa panya, ulionyesha kwamba mlio unaweza kufika katika amigdala kwa njia ya mkato, kabla ya gamba la nje la ubongo kumaliza kuuchunguza. Mnyama huruka kwanza, kisha hujua ni nini. Harufu nayo ina bahati ya pekee, kwa kuwa neva zake huingia karibu moja kwa moja katika eneo la amigdala bila kupitia kituo ambacho habari za macho na masikio hupitia kwanza. Si ajabu basi kwamba harufu ya petroli, ya mpira unaoungua ama ya manukato fulani yaweza kumrudisha mtu miaka 20 nyuma kwa nukta moja.

Chukua mfano tunaoufahamu sote. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliwaua watu 213 na kuwajeruhi maelfu ya wengine. Wengi waliumia macho na nyuso kwa sababu, baada ya kusikia mlio wa kwanza, walikimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta wakiwa nyuma ya vioo. Hebu fikiria ubongo wa mtu kama huyo ulijifunza nini asubuhi ile. Ulijifunza kwamba mlio hufuatwa na kioo, na kioo hufuatwa na giza. Leo mahali pale pamejengwa bustani ya ukumbusho, magari yanapita na maisha yanaendelea. Lakini gurudumu la lori likipasuka barabarani, mwili wa mtu huyo waweza kuwa umeshainama chini ya meza kabla yeye mwenyewe hajakumbuka ni mwaka gani. Je, utamwambia nini? Asahau?

ANACHOKUMBUKA NA ANACHOSAHAU

Kinachowachanganya jamaa wengi ni kwamba mgonjwa huyo huyo asiyeweza kusahau mkasa husahau mambo mengine yote. Huacha sufuria motoni. Husoma barua ya ofisini mara tatu bila kuielewa. Hutumwa dukani akarudi na kitu kingine. Mke ama mwajiri huona kwamba ni uzembe: mbona yale ya ajali ayakumbuka hadi rangi ya viatu vya dereva?

Ubongo wenyewe una jibu. Homoni ya kotisoli ikitolewa kwa muda mfupi humsaidia mtu kujiokoa. Ikiendelea kwa muda mrefu hutatiza kazi ya hipokampasi, yule karani. Aidha, mtu asiyelala vizuri hunyimwa saa ambazo karani hupanga mafaili yake ya siku. Wachunguzi wamepima ubongo wa watu walioathiriwa na mikasa na kuona kwamba, kwa wastani, hipokampasi zao ni ndogo kuliko za wengine. Hata hivyo, uchunguzi wa mapacha uliochapishwa mwaka wa 2002, ambapo mmoja alikuwa amepigana vita vya Vietnam na mwenzake hakwenda, ulidokeza kwamba huenda baadhi ya watu huzaliwa na hipokampasi ndogo na hivyo huathirika upesi zaidi. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyejichagulia hipokampasi yake.

Wagonjwa wa aina hii huja katika kliniki yangu kila juma, na karibu hakuna anayesema "daktari, nina hofu". Husema moyo unamwenda mbio, ama tumbo lina gesi, ama kichwa kinauma upande mmoja, ama presha imepanda. Kondakta mmoja wa matatu alikuwa amepimwa malaria na homa ya matumbo mara sita katika zahanati mbalimbali, na kumeza dawa za zote mbili kila mara. Nilipomwuliza maumivu yalianza lini, alihesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema ni baada ya gari lao kubingirika. Alikuwa ametoka bila hata mchubuko, kwa hivyo hakuna aliyemhesabu kama majeruhi. Hapa lawama si ya jamii pekee. Sisi madaktari hushona kilichopasuka na kufunga plasta kilichovunjika, kisha tukamwita mgonjwa anayefuata.

POMBE NA VIDONGE

Anayeambiwa asahau naye hutafuta njia ya kutii. Wengi huipata katika chupa. Pombe kwa kweli humlegeza mtu kwa saa chache, lakini usingizi wake ni wa juujuu, na alfajiri hofu hurudi na deni lake. Mbaya zaidi, mlevi wa kupindukia asiyekula vizuri hupungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo huharibu viungo vidogo ambavyo ni sehemu ya mzunguko ule wa Papez. Matokeo yake ni ugonjwa wa Korsakoff, ambapo mtu hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Je, wajua yule mwanamke wa Geneva aliugua nini? Ni ugonjwa huo huo. Alikuwa amepoteza karibu kila kitu, lakini hofu ya pini ilibaki. Anayekunywa ili asahau hofu yake aweza kusahau majina ya wanawe kwanza.

Wengine hukimbilia vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, ambavyo baadhi ya maduka ya dawa huwauzia bila kuuliza cheti cha daktari. Mwaka wa 2013, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba vidonge vya kundi la benzodiazepini visipewe watu wenye dalili za mfadhaiko katika mwezi wa kwanza baada ya mkasa. Huzoeleka upesi, na hakuna ushahidi kwamba huzuia ugonjwa. Ikiwa unavitumia tayari kwa muda mrefu, usiviache ghafla. Mwone daktari akupunguzie polepole.

HOFU HUFUNZWA UPYA

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, basi aliyepatwa na mkasa hana tumaini? La hasha. Wengi wao hupata nafuu wenyewe katika majuma ama miezi michache, hasa wakiwa na jamaa wanaowasikiliza, chakula, usingizi na kazi ya kufanya. Kushtuka na kuota ndoto mbaya katika siku za kwanza si wazimu. Ni ubongo unaofanya kazi yake. Lakini dalili zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha, huo ni ugonjwa unaotambuliwa rasmi na wataalamu tangu 1980, na una matibabu.

Tiba yenyewe haifuti kumbukumbu. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ina uwezo wa kuituliza amigdala, lakini sharti ifunzwe kwa mazoezi. Chini ya uongozi wa mshauri aliyehitimu, mgonjwa husimulia mkasa wake hatua kwa hatua, hurudi polepole mahali alipokuwa akipaogopa, na kila mara ubongo hujifunza kwamba mlio huu haukufuatwa na bomu, na gari hili halikubingirika. Kumbukumbu ya zamani hubaki, lakini mpya hujengwa juu yake. Baadhi ya wagonjwa pia husaidiwa na dawa za kutibu sonona, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu.

Ukiwa na mtu nyumbani ama kazini aliyepatwa na mkasa, fanya hivi. Kwanza, usimwambie asahau, lakini pia usimlazimishe kusimulia. Mwambie uko tayari kumsikiliza wakati wowote atakapotaka, kisha uwe tayari kweli. Pili, msaidie kurejea shughuli zake za kawaida kidogo kidogo. Anayeogopa matatu asikokotwe ndani, wala asiachwe nyumbani mwaka mzima. Tatu, chunga pombe. Nne, mwezi ukipita bila nafuu, mpeleke hospitalini. Akizungumzia kujiua, usingoje mwezi wala juma. Mpeleke siku hiyo hiyo na usimwache pekee. Ikiwa familia inataka maombi, waombe, maana faraja ya waumini ni msaada mkubwa, lakini maombi hayakatazi kwenda kwa daktari. Na hakuna haja ya kuona haya kwa kuwa watu wanadhani kila anayemwona daktari wa akili anapelekwa Mathari. Wengi wa wagonjwa hawa hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuhusu mtoto, nisisitize. Mtoto mdogo aweza kukosa kuweka habari za mkasa kwa sababu karani wake bado hajakomaa. Mlinzi wa hofu huanza kazi mapema zaidi. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama ama kukataa shule baada ya mkasa hajasahau. Anakumbuka kwa njia anayoiweza.

Kwa wakuu wa hospitali nina pendekezo ambalo halihitaji mashine wala msaada kutoka ng'ambo. Marekebisho yaliyofanyiwa Sheria ya Afya ya Akili mwaka wa 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi kwa wananchi. Wajibu huo uanze pale ambapo majeruhi hurudi kutolewa nyuzi. Kila mtu aliyetibiwa kwa sababu ya ajali, moto, uvamizi ama ubakaji aulizwe maswali matatu na muuguzi anayemhudumia: Je, unalala? Je, unaota kuhusu siku ile? Je, kuna mahali ama kitu unachokikwepa tangu wakati huo? Maswali hayo huchukua muda mfupi kuliko kutoa uzi mmoja. Akijibu kwa namna inayotia shaka, apewe tarehe ya kumwona mshauri nasaha, kama vile aliyevunjika mguu anavyopewa tarehe ya kupigwa eksirei.

Nao waajiri wakumbuke kwamba dereva aliyeshuhudia wenzake wakifa hapumzishwi kwa siku mbili kisha akakabidhiwa usukani ule ule. Kidonda chake hakionekani, lakini abiria 14 wamekalia nyuma yake.